Mkono Begani

"Kunjua uso, Mwanakombo," Shekue alimwambia mkewe bila kugeuka. "Picha hii naipeleka kwa wakwe zangu wapya, waone mke mkubwa ameridhia."

Ameridhia! Nani alimuuliza? Alisimama nyuma ya kiti, mkono begani kwa mumewe kama alivyopangwa.

"Nahesabu mpaka nane," mpiga picha alisema. "Atakayetikisika, sura yake itafutika."

Ilipofika tatu, Mwanakombo alimfinya mumewe kwa kucha zote, wala hakumwachia. Shekue akajipinda kitini. Mwanakombo hakupepesa hata jicho.

Picha ilipokuwa tayari, Mwanakombo alikwenda kuichukua mwenyewe. Yeye alionekana wazi, mpaka maua ya leso yake. Kitini kulikuwa na joho la Shekue, na juu yake, mahali pa uso, moshi mtupu.

Hakurudi nyumbani. Alishika njia ya kwa wakwe wapya wa Shekue, picha mkononi.