Maji ya Mtungini

Siku hizi maji yakipimwa hutaja watu ambao yaliwahi kupita miilini mwao. Sisi wa mwaka wa pili, kwenye maabara ya kemia ya mazingira, tulishazoea. Maji ya mto yalitutapikia majina maelfu kwa maelfu, nasi tukacheka.

Kisha mwalimu wetu, Dakta Masalu, akataka kila mmoja alete maji ya kwao. Mimi nikachota mtungini kwa mama, kule milimani Matombo. Katikati ya majina likatokea la baba, ambaye tulimzika kabla ya mavuno.

"Kaa kwanza, mwanangu," Dakta akasema, akinisogezea kiti. "Ni jasho lake hilo. Kalimwaga kwenye mteremko ule maisha yake yote, sasa linashukia kisimani."

Jumamosi nikaenda kumweleza mama. Hakulia. Aliufunua mtungi taratibu, akachungulia kama anayechungulia chumba cha mtu aliyelala.

"Kumbe hujaenda mbali, mume wangu," akanong'ona, akachota kata moja ya maji.

Kabla hajainywa, tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu, Mama Semeni, anatoka shamba, jua limemkausha midomo.

"Shoga, nipe maji kwanza, salamu baadaye."

Nyumbani kwetu mgeni hajawahi kunyimwa maji. Mama akairudisha kata mtungini, akaitoa tupu, akafunika.

"Yameisha, shoga."

Kata ilikuwa bado inadondosha, naye akiyakinga matone kwa kiganja.