Ng'ombe wa Xaveri

Punda alibeba ngozi kumi na moja zilizokauka, na kila lori lililopita barabara ya Dodoma lilimshtua, zikataka kuanguka. Melkiadi alizifunga upya mara ya tatu, akilaani taratibu. Mbele yake walitembea ng'ombe thelathini na wanne. Pembeni alikuwa binti yake Vailet, na fimbo.

"Baba, pumzika kidogo. Magoti yako hayo."

"Wewe mwangalie yule maksai mwekundu. Akiona mahindi ya watu, akili zote zinamtoka."

Walikuwa wametoka alfajiri kilimani, juu ya Bonga, wanakwenda Nakwa kwa mjane wa Xaveri. Melkiadi alikuwa anarudisha mali ya watu. Miaka ishirini na mitano alipanda kilima kile asubuhi na kushuka jioni, jua na mvua, na sasa magoti yalikuwa yamekataa kabisa. Alitaka kitu kimoja tu: kurudi nyumbani mikono mitupu, akae chini, asidaiwe na mtu wala mnyama.

Kwao jambo hili halikuwa geni. Mwenye ng'ombe huwaweka wengine kwa rafiki, ili ugonjwa ukipiga zizi moja, lingine lisalimike. Anayewafuga hunywa maziwa na kupeleka samadi shambani; ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe. Hawaletwi mchana watu wakitazama, maana hakuna apendaye jirani ajue alichonacho. Na anayepokea haulizi maswali. Ukiuliza, unaonekana umechoka kuaminiwa.

Ndivyo Xaveri alivyomleta mtamba mmoja, giza likiingia, Vailet akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Xaveri alikuwa rafiki yake wa tangu ujana, tena baba wa ubatizo wa mtoto huyo. Alimfunga mtamba kwenye nguzo ya zizi, akanywa uji, akaaga. Melkiadi hakuuliza.

Mtamba akazaa, na uzao wake ukazaa. Nyasi za kilimani ziliwanenepesha mpaka wachuuzi wa mnadani wakawa wanamfuata huko huko juu, wanapapasa migongo ya maksai na kutaja bei. Aliwafukuza wote. Hata mwaka ule Vailet alipokuwa kidato cha pili, mvua zikagoma, mahindi yakakauka na ada ikakosekana, aliwafukuza. Mama Vailet, Mungu amrehemu, alilia wiki nzima. Mtoto akarudi nyumbani, akakunja sketi yake ya shule, akashika koleo la samadi.

Mwezi ule ule Xaveri alipanda kilimani. Alisimama kando ya zizi akawatazama ng'ombe mmoja mmoja. Akamtazama Vailet na koleo lake. Kisha akashuka bila kuaga, na hakukanyaga tena pale. Melkiadi aliumia sana, lakini akajipa moyo kwamba mwenye mali amekuja kukagua, amekuta haijapungua.

"Baba," Vailet alisema njiani, walipokwisha kuupita mji, "hawawezi kutuachia hata mmoja?"

"Wakitupa, tutashukuru. Wasipotupa, tutalala usingizi."

Vailet alimrudisha maksai mwekundu barabarani kwa fimbo. Siku hizi alikuwa anaosha vyombo kwenye hoteli ya watu huko Bagara, na alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja tu.

Consolata, mjane wa Xaveri, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, akakuta kundi zima limejaa mbele ya nyumba. Aliitikia shikamoo ya Vailet vizuri. Salamu ya Melkiadi aliipokea kama mtu aliyepewa chai ya jana.

"Sikutegemea kukuona hapa, Baba Vailet. Mume wangu amekufa hataki kusikia jina lako."

"Najua, Mama Theodory. Ni kwa ajili ya ng'ombe hawa. Nimechelewa mno kuwarudisha, nisamehe."

Alimwacha Vailet na kundi, akamwongoza punda mpaka uani. Akazishusha ngozi na kuzipanga chini, moja baada ya nyingine, mgongo ukimuuma.

"Wazima ni thelathini na wanne. Hawa ndio waliokufa. Huyu ni yule mtamba mwenyewe, alikufa kwa uzee. Hawa tisa ni ugonjwa wa ndigana. Huyu alianguka korongoni. Nimetunza ngozi zote, usije ukadhani niliwauza. Sijauza hata mmoja, Mama Theodory. Hata mmoja."

Consolata aliziangalia ngozi. Akamwangalia yeye. Akavuta kigoda, akakaa.

"Hata mwaka ule mtoto alipotoka shule?"

"Hata mwaka ule. Ningeuzaje mali ya mtu?"

Mama yule alijishika mdomo. Huko nje Vailet alikuwa akimgombeza maksai mwekundu.  Melkiadi alikuwa amechoka, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi, na aliona kigoda kingine karibu na mlango akatamani kuambiwa akae.

"Baba Vailet," Consolata alisema mwishowe, kwa sauti ya chini ili binti asisikie, "Xaveri alimleta mtamba yule gizani ili ndugu zake wasijue. Alikuwa zawadi ya ubatizo ya Vailet, uzao wake uje umsomeshe."