Uchovu wa Bingwa

Siku hizi bingwa hachoki. Uchovu wake hugawiwa mashabiki wanaovaa bangili yake, kila mmoja kidogo, naye anamaliza mbio akitabasamu kama mtu aliyetoka kunywa chai.

Mume wangu, Tluway, aliivaa mwaka jana. Kabla ya hapo alikuwa anakimbia mwenyewe kila alfajiri, polepole kama bata, picha ya bingwa kifuani.

"Zamani nilikuwa namwiga," akaniambia. "Sasa nakimbia naye."

Kukimbia gani huko? Bingwa akishindana Ulaya, huku Babati mwanamume mzima analala chali kwenye mkeka, jasho linamtoka, na kuni napasua mimi. Nimemtukana mpaka matusi yameniishia.

Jumapili bingwa alikuwa anatafuta rekodi. Nilikuwa nasonga ugali. Nikageuka nimwambie Tluway asinitapikie sakafuni, nikamkuta amesimama mbele ya runinga, mkavu, anashangilia.

"Leo huchoki, Baba Paskalina?"

"Wameniondoa," akasema bila kunitazama. "Eti mapafu yangu yamezeeka. Wanataka mabichi."

"Na bangili umewarudishia?"

Akatupa jicho mlango wa chumbani. Runingani bingwa akaongeza kasi, umati ukalipuka.

Nikauacha mwiko sufuriani, nikakimbilia chumbani. Paskalina wetu, ambaye hata shule hajaanza, alikuwa amelala kitandani akihema, nywele zimelowa jasho, vidole vya miguu vimejikunja, bangili ikimpwaya mkononi.

Sebuleni baba yake alikuwa anapiga makofi.