Kila Kosa Linakula Waya

Kisu cha jikoni kilizama kidogo tu kuliko ilivyotakiwa, na nusu ya nyuzi za shaba zikadondoka sakafuni pamoja na ganda la plastiki.

"Mh!" mama mkwe akaguna kutoka kwenye kochi.

Fundi hakuthubutu kumtazama. Na huyo mama mkwe mwenyewe hajawa mama mkwe bado! Leo ndiyo kwanza kijana wa watu amekuja kujitambulisha, na badala ya kukaa kitako anywe chai kama wachumba wenzake, yuko chini kwenye zulia, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, anapigana na waya wa pampu ya maji. Plagi ilikuwa imeungua. Wajomba wako njiani, ndoo zote tupu, na jikoni masufuria yanasubiri. Tena ni kiherehere chake mwenyewe kilichomponza. "Hiyo ni kazi ya dakika moja, mama. Niachieni mimi."

Dakika gani! Pampu ilikuwa imekazwa kwenye zege nje ya dirisha, soketi iko ukutani, na kila akiharibu nyuzi inabidi akate waya aanze upya. Waya uliokuwa ukifika kwenye soketi kwa raha zake, sasa unafika kwa kunyooshwa. Akikosea tena, haufiki.

"Fundi gani anatembea bila vifaa?" mama mkwe akauliza.

"Begi limebaki nyumbani, mama."

Akamtupia mchumba wake jicho. Si yeye aliyesema, "Unakuja kuposa, huji kufunga meta"? Na pampu ilipogoma, si yeye huyo huyo aliyemnong'oneza, "Ole wako umenye waya kwa meno humu ndani! Mama hataki hata kuzisikia habari hizo"?

Maana meno ndiyo yaliyokuwa ugonjwa wake. Koleo la kuchunia waya analo, lile lenye vijitundu vya kila unene, tena zuri. Lakini kazi ikiwa ya haraka mdomo huuwahi mkono. Siku mchumba wake alipomfuma juu ya ngazi na waya mdomoni, hakuongea naye mpaka kesho yake.

Akajaribu mkasi. Kwacha! Ukapita na waya mzima. Akajaribu kikata kucha, kikateleza, kikaliacha ganda limetafunwatafunwa kama lililopitiwa na panya. Mguu wa mama mkwe ulikuwa hautulii, unapigapiga sakafu, na kila kisu kilipoinuliwa naye aliinua ncha ya mtandio akajiziba mdomo. Tangu asubuhi ni hivyo hivyo. Amemsalimia kwa mtandio, amecheka kwa mtandio. Fundi alishajua anachofichwa: ni dharau. Ameshakataliwa, wanatafuta tu njia ya adabu ya kumwambia.

"Ule wa kijani wenye mstari uache mrefu kidogo," mama mkwe akasema.

Fundi akashtuka. Huo ni waya wa ethi, na mtu asiye fundi hajui kwamba huachwa mrefu. Akatazama nyaya za nyumba zilivyopita kando ya dari, zimenyooka, safi kabisa. Akatazama picha ya marehemu baba mkwe ukutani, anatabasamu, meno yote kamili kinywani.

"Marehemu ndiye aliyefunga nyaya hizi, mama?"

"Marehemu!" Mtandio ukatikisika. "Yule alikuwa kinyozi. Hata balbu alikuwa anaiogopa."

"Basi huyo aliyezifunga, koleo lake halikubaki hapa?"

"Lipo. Ila haliazimwi."

Roho ikamuuma. Yaani koleo lipo, na mtu amekaa tu anamwangalia anavyoaibika! Nje gari likapiga honi. Mchumba wake akakimbilia dirishani.

"Siyo wao."

"Wewe nenda gereji kwa jirani ukatuazimie koleo," mama yake akamwamuru.

"Mama, niwaache peke yenu?"

"Nenda bwana! Watu wanafika hapa hakuna hata maji ya kunawa."

Binti akatoka shingo upande. Mlangoni akageuka, akawatazama wote wawili, kidole juu. "Meno, hapana!"

Mama mkwe akaingia jikoni. Fundi akabaki na waya mkononi, anaupima kwa macho kutoka dirishani mpaka kwenye soketi, anaupima tena. Kukosa mara moja tu, basi. Akasikiliza. Masufuria yakalia huko jikoni. Akauinua waya, akafungua mdomo, akauweka pembeni, penye magego.

"Wee!"

Waya ukamponyoka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni. Fundi akaona ndoa yake inaondoka hivi hivi, anaitazama. Akaanza kuomba samahani.

Mama mkwe hakumngoja. Alikwenda dirishani, akachungulia njia aliyopita bintiye, akavuta pazia. Kisha akaja akapiga magoti mbele yake.

"Magego ya nini?" akafoka kwa sauti ya chini. "Hapo si utakata shaba yote? Lete hapa."

Akashusha mtandio. Katikati ya meno yake mawili ya mbele palikuwa na kijitundu cha mviringo, saizi ya waya. Akaupachika, akauma, akazungusha, akavuta. Ganda likatoka zima, shaba haikupoteza hata uzi mmoja. Akalitema kwenye kapu la takataka.

"Mwanangu akirudi," akasema huku akijifunika tena, "umetumia kikata kucha. Mimi nilishamwapia nimeacha."