Mchungwa wa Pantaleo

Ngassa alipaka majivu mikononi, akakata tawi lenye kiota cha majimoto, akalitumbukiza lote ndani ya gunia. Hata hivyo walimng'ata hadi kwapani. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anawahamisha chungu hao wekundu kutoka mtoni hadi kwa Mbuke, mke wa rafiki yake Pantaleo.

Mchungwa wa Mbuke hauzai bila majimoto. Wakiwapo, kiwavi hasogei. Wakitoweka, viwavi hufyeka maua na majani machanga, matawi yakabaki fimbo tupu.

Pantaleo aliupanda mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Siku anaondoka Ushetu na Ngassa kwenda machimboni, aliushika akacheka. "Mke wangu, huu ukizaa sijarudi, usinisubiri. Jua nimekufa."

Shimo lilimfukia kabla mwaka haujaisha. Ngassa alirudi peke yake, akakaribishwa ugali, akamega tonge moja tu. "Pantaleo anakusalimu," alisema. Mbuke hakuuliza mumewe atarudi lini. Wala hajauliza hadi leo.

Uongo ule ulimkaa Ngassa kooni kama mwiba wa samaki. Kuufuta kwa mdomo alishindwa. Basi mti useme, maana mti hauna haya. Uzae mara moja tu, mjane wa watu alie, apumzike.

Lakini kila msimu majimoto walitoweka.

"Viwavi wamekula tena, shemeji," Mbuke humwambia huku akimpa maziwa ya mgando, mikono yake imevimba. Ngassa hulilaani jua, akidhani ndilo lililowaua majimoto. Alimwonea uchungu mwanamke yule, ujana unamwishia kwa kumsubiri maiti.

Mwaka huu mti ulijaa vitumba kuliko wakati wowote. Siku tatu baada ya kukipachika kile kiota, Ngassa alishindwa kuvumilia. Akaenda kuuchungulia mchana, saa ambayo Mbuke huwa kwenye tumbaku yake.

Hakuwa kwenye tumbaku. Alikuwa chini ya mchungwa. Shina limezungushiwa majivu, kiota kinaungua pembeni. Majimoto waliobaki walikuwa wakimng'ata mikononi, naye hakuwajali. Alishika kibuyu kilichojaa viwavi, akiwatoa mmoja mmoja na kuwaweka juu ya maua, taratibu.

Alimwona Ngassa. Hakushtuka.

"Usiniletee tena, shemeji," alisema, machozi yakimtiririka. "Huu ukizaa, itabidi nikae matanga."