Mahindi ya Mbegu

Miaka hiyo mvua iligawiwa kwa mpira. Nchi ikitolewa kwenye makundi ya mashindano ya Afrika, mawingu yake walipewa waliosonga mbele, nayo ikakaa kavu mpaka mashindano mengine, miaka miwili baadaye.

Nyemo alikuwa akichambua kunde, akimsikiliza mumewe Malogo na jirani yao Chidosa wakibishana barazani.

"Misri hatuwawezi," alisema Chidosa. "Mali viungo wao wanakaba kama kupe. Labda Zambia."

"Zambia tunawafunga," alisema Malogo. "Goti la straika wetu lipone tu."

Habari za goti hilo Nyemo alizisikia hata mashindano yaliyopita, timu ilipotolewa. Baada ya hapo ng'ombe wao wanne walikufa mmoja mmoja, wakilamba bomba lisilotoa kitu.

Aliingia jikoni, akayashusha mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya moshi tangu mavuno ya mwisho. Akayapukuchua, akayaosha masizi, akayabandika motoni pamoja na kunde.

Jioni Malogo alikula kande jikoni kwa hamu. Kijiko cha tatu kilisimama mkononi. Punje moja ilikuwa bado na masizi. Aliinua macho juu ya jiko, akaona kamba tupu.

Nyemo alingoja agombe.

"Mechi ya kwanza ni Jumamosi," alisema Malogo mwishowe.

"Najua, baba Tatu. Jezi yako nimeifua."

Malogo akaisogeza sahani mbele aongezewe.