Farasi wa Miguu Minane

Bwana Rudberg aligonga tanuri la Torborg kwa fimbo yake, akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ndani, mikate myeusi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuiva.

"Hili," alisema, akilichoma fimbo jiwe la chini lililobeba tanuri zima. "Hili ni la kanisa."

Hapakuwa na ubishi. Ubavuni mwa jiwe palichongwa msalaba ndani ya duara, alama ya waashi waliojenga kanisa la Mtakatifu Gervas miaka mia saba iliyopita. Kanisa lenyewe lilikuwa hapo nyuma ya ua, halina paa, kunguru wamejenga mnarani. Tangu makasisi walipolihama, nusu ya mji wa Visby, hapo kisiwani, ilikuwa imejengwa kwa mawe yake: ngazi, visima, hata mabanda ya nguruwe. Kila mtu alijua, na hakuna aliyeona haya, mpaka Rudberg, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa chama cha kutunza gofu lile, alipojipa kazi ya kuona haya kwa niaba yao.

"Ukiling'oa hilo, tanuri linaanguka," Torborg alisema. "Mimi mjane, Bwana mwenyekiti. Bila tanuri nitakula nini?"

"Hayo wangeyafikiria babu zako kabla ya kuiba."

"Babu zangu walikuwa hapa kabla ya hilo kanisa."

"Ehe. Na makaburi yao yako wapi?"

"Hakuna anayejua."

"Basi hawakuwapo." Rudberg alizinyooshea fimbo glavu za sufu zilizoanikwa karibu na moto. Zilifumwa farasi wa miguu minane, alama ya ukoo wa Torborg. Kila ukoo kisiwani una alama yake, huitia kwenye majembe, makasia na masikio ya kondoo ili mali isije ikagombewa. "Au ni hawa waliomchora huyu? Miguu minane! Aliyeanza alikuwa amelewa chakari, na ninyi mkarithi pombe yake."

"Alama ni alama," alisema Torborg.

"Hapo umenena, mama. Alama ndiyo mwenye mali. Penye alama ya kanisa ni mali ya kanisa, hata mkilikalia miaka mia tatu."

Maneno yake mwenyewe yalimpendeza mno. Aliyarudia kwenye mkutano wa mji, na yakapitishwa kuwa sheria: jiwe lirudi kwa mwenye alama, bila fidia wala maneno mengi. Mikono ikanyooshwa yote. Baadhi ilikuwa na chokaa kwenye kucha, maana wenyewe walikuwa wametoka kuyapaka mawe ya nyumbani kwao ili kuficha alama.

Torborg hakuwa na chokaa. Jumatatu tanuri likavunjwa. Alisimama kando amekunja mikono, akamtazama fundi Arvid akiondoa tofali baada ya tofali, na kuba lilipoporomoka akageukia ukutani akalia.

Jumapili jiwe lilirudishwa kwa shangwe. Kwaya iliimba chini ya mawingu, na Rudberg, amevaa kofia ndefu, alisimama katikati ya sakafu ya kanisa akasoma hotuba. Alisimulia historia ya Mtakatifu Gervas tangu jiwe la kwanza, kisha akawageukia wezi. Alizungumzia nguruwe wanaolala penye mawe matakatifu, na wajane wanaojua kulia kuliko kutubu. Watu walicheka, wale wa chokaa wakicheka zaidi.

"Kanisa hili," alimalizia, "halijawahi kuchukua cha mtu."

Torborg alikuwa nyuma kabisa, amevaa glavu zake kwa baridi. Alikuja kwa sababu jiwe lile alilizoea kuliko alivyowazoea majirani, na alitaka kuona litakapowekwa.

Ili lipate nafasi, ilibidi Arvid ang'oe bamba moja la jiwe la sakafu. Yeye na wenzake waliingiza mitaimbo, wakaliinua, wakalipindua.



Upande wa chini, ambao haukuwahi kukanyagwa na mtu, palichongwa, kama kwenye mawe ya makaburi ya kale, mashua yenye tanga, na juu yake mpanda farasi. Arvid alipangusa udongo kwa kiganja. Akahesabu miguu ya farasi kwa kidole, akasita, akahesabu tena. Kisha, bila kutumwa na mtu, akang'oa bamba la pili. Akang'oa la tatu. Farasi ni yule yule.

Mmoja mmoja watu waligeuka kutazama glavu za Torborg.

Alipita katikati yao, akaipita kwaya, akafika alipokuwa Rudberg, ambaye bado alikuwa ameshika karatasi ya hotuba.

"Sogea kidogo, Bwana mwenyekiti," alimwambia. "Umekanyaga langu."